Uzi: Wengi tunamjua Joy wa simba. Mimi Jumamosi nimekutana na Joy wa maua

Kalamu ya Risasi

Wakuu, salamu. Uzi ni mrefu, mwenye chai aisogeze karibu.

Jumamosi nilimpeleka binti yangu, ana miaka tisa, Makumbusho ya Taifa pale Nairobi. Tulimfuata yule Kijana wa Turkana, mifupa ya mtu wa kale, kwa sababu shuleni walikuwa wamefundishwa habari za mifupa. Tukamwona. Tukawaona na ndege waliokaushwa mpaka macho yakachoka, tukasema tutoke uani tupige picha na sanamu ya Ahmed, yule tembo wa Marsabit. Mvua ikashuka, ile ya Nairobi isiyobisha hodi. Tukarudi ndani mbio, na kwa kukosa pa kwenda tukajikuta kwenye chumba chenye mwanga hafifu ambacho siku za nyuma nilikuwa nakipita tu. Michoro ya Joy Adamson.

Nilichojua mimi: mama wa Elsa, simba jike, kitabu kilichotoka 1960, sinema ikafuata. Basi. Kumbe Elsa aliingia maishani mwake 1956, na wakati huo mkono wake ulikuwa na karibu miaka ishirini kwenye brashi. Alizaliwa 1910 Opava, siku hizi ni Jamhuri ya Czech, jina lake Friederike Gessner. Akaja Kenya 1937. Melini alikutana na Mswisi Peter Bally, mtaalamu wa mimea, wakaoana 1938, na ni huyo Bally aliyembandika jina la Joy. Bwana akawa mtu wa mimea wa makumbusho (enzi hizo yakiitwa Coryndon, yalifunguliwa 1930), anakusanya mimea na kuikausha, bibi anaichora ingali mibichi. Mwaka 1947 chama cha kifalme cha wakulima wa bustani kule Uingereza kikampa medali ya dhahabu ya Grenfell kwa maua hayo. Simba bado hayupo kabisa kwenye hadithi.

Sasa kilichonileta hapa. Binti yangu alisimama mbele ya ua moja, la ukubwa ule ule wa ua lenyewe, karatasi tupu nyuma yake, hakuna mbingu wala udongo. Akaliangalia kwa muda ambao hajawahi kuliangalia daftari lake la hesabu. Kisha: "Baba, kwa nini hakupiga tu picha?"

Nikamjibu zamani kamera zilikuwa ghali. Akasema lakini picha za watu wa zamani zipo. Nikasema zilikuwa hazina rangi. Akaniangalia kama anavyoniangalia nikimwambia duka limefungwa.

Mimi huchora vibao vya maduka, mchele na nyama choma, mimea siijui. Wenye elimu nisaidieni kumjibu huyu mtoto.

Nimekaa Pale

Naweka kambi. Picha za hiyo michoro ziko wapi mkuu?

Kalamu ya Risasi

Sikupiga, mkuu. Kwenye chumba kile hata kuitoa simu niliona kama utovu wa adabu. Pia giza.

Jani Kavu

Mkuu Kalamu, nianze na hilo giza, ndiyo rahisi. Rangi za maji kwenye karatasi huliwa na mwanga. Kazi za karatasi kwa kawaida huwekewa mwanga wa lux 50 hivi, jikoni kwako usiku kuna zaidi ya hapo. Ukiona chumba cha michoro kinang'aa kama duka la simu, jua michoro hiyo inakufa polepole.

Sasa swali la mtoto. Nimefanya kazi ya hebaria miaka kadhaa, sitaji wapi. Hebaria ni maktaba, ila badala ya vitabu kuna mimea iliyokaushwa. Ile ya Afrika Mashariki iliyopo hapo hapo Nairobi, kwenye eneo la makumbusho, ina sampuli takriban milioni moja. Mmea ukichumwa unatandazwa ndani ya gazeti, magazeti yanapangwa kwenye fremu mbili za mbao, unakaza mikanda mpaka mbao zilie. Kila siku unabadilisha magazeti yaliyolowa. Ukizembea siku mbili, ukungu. Ukishakauka unagandishwa kwenye friza kuua wadudu, ndipo unagundishwa kwenye karatasi nzito, na shina nene unalishona kwa uzi. Pembeni lebo: nani alichuma, wapi, tarehe gani, mwinuko gani.

Sampuli hiyo ikitunzwa inakaa miaka mia mbili. Tatizo, rangi haikai. Buluu inachuja, nyeupe inageuka kama karatasi iliyofungia maandazi. Ua lililokuwa kama kengele linakuwa bapa kama chapati. Ndiyo maana lebo nzuri huandika "petali njano, koo jekundu", maana baada ya wiki hakuna atakayeamini.

Na picha je? Picha inanasa ua moja, siku moja, na jani lake moja limetobolewa na kiwavi na tawi la jirani limeziba nusu. Mchoraji wa mimea anaangalia maua sita anachora la saba ambalo lina kila kitu cha yale sita. Analigeuza jani moja ili uone mgongo wake wenye vinyweleo. Anapasua ua kwa wembe anaonyesha ndani. Anaweka tunda pembeni ya ua ingawa mtini havikutokea mwezi mmoja. Kamera haina uwezo huo hata leo, na ndiyo maana mimea mipya inayotangazwa mpaka sasa mara nyingi bado inaambatana na michoro ya mkono. Ule mradi wa kuelezea mimea yote ya Kenya, Uganda na Tanzania ulichukua zaidi ya miaka 60, ukamalizika 2012 na spishi 12,104. Kamera zilikuwepo miaka yote hiyo. Michoro ya wino imejaa humo ndani.

Mwambie mtoto: kamera inaona, mchoraji anahesabu.

Kalamu ya Risasi

Jani Kavu, Mungu akuweke. Nimemsomea yote. Hapo pa chapati kacheka sana. Lakini kaniuliza tena, "anahesabu nini?"

Mwana wa Reli

Samahanini niharibu sherehe kidogo.

Huyu mama alilelewa kwenye fedha, akaja nchi ya watu chini ya bendera ya watu, akapanda vilima vya watu na wapagazi, akachora mimea ambayo bibi zetu walikuwa wanachemshia watoto dawa kabla Opava haijasikia neno Kenya. Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ikampa kazi ya kuchora watu wenyewe, kabila kwa kabila, na mapambo yao, kwa hoja kwamba mila zinapotea. Zinapotea kwa sababu ya nani? Anayekuvua nguo ndiye anayelipia picha ya nguo. Na walioandika maisha yake hawakuficha kwamba wafanyakazi wake walimwona mkali kupita kiasi. Aliuawa tarehe 3 Januari 1980 kule hifadhi ya Shaba, hapa hapa Kenya, dunia ikaambiwa kwanza ni simba, kumbe ni mtu, na aliyetiwa hatiani alikuwa amewahi kumfanyia kazi.

Sisemi alistahili. Nasema tusimvike kilemba.

Muhuti

Mwana wa Reli umesema kweli nyingi, ila moja nikupinge. Hao watu aliowachora, zaidi ya picha 500, si mapambo tu. Ukisimama mbele ya mzee mmoja pale ukutani unaona amechoka kukaa. Unaona anataka kwenda. Mtu aliyechora kwa dharau hawezi kukuonyesha hilo, kwa sababu hatakuwa ameliona. Tena nimesikia baadhi zinaning'inia Ikulu.

Na jambo jingine: maua hayana serikali. Yule Bally mumewe ameachiwa jina kwenye mshubiri mmoja, Aloe ballyi, mrefu kama mti, unapatikana upande wa Taita na ng'ambo Tanzania. Mna habari unanuka nini? Panya. Tena una sumu. Huo ndio ukumbusho wa bwana. Joy hana mshubiri, ana ukuta mzima.

Nimekaa Pale

Mshubiri unaonuka panya 😂😂 mke alikuwa mchoraji, akaona amwachie bwana harufu

Mwana wa Reli

Muhuti, kuona uchovu wa mtu si kumheshimu. Hata mnunuzi wa punda huona uchovu wa punda.

Muhuti

Hapo umenibana. Acha nikalale nayo.

Mgosi wa Usambara

Jamani Tanga tupo. Mnazungumzia Nairobi kana kwamba mimea hiyo ilianzia pale Museum Hill. Hebaria anayoisema Jani Kavu, mizizi yake iko Amani, juu ya Muheza, kwenye kituo kilichoanzishwa na Wajerumani 1902. Waingereza wakakirithi. Mwaka 1950 sampuli zikahamishiwa Nairobi, na babu zetu waliofanya kazi pale walikuwa wakisimulia masanduku yakishuka mlimani kwa lori kama mahari.

Pamoja na masanduku yale alihamia pia Peter Greenway, mtaalamu wa mimea wa Amani. Huyo ndiye aliyetoa na mwenzake Dale kile kitabu kikubwa cha miti na vichaka vya Kenya mwaka 1961, na kurasa za rangi humo ni mkono wa Joy Adamson. Kwa hiyo Mtanga akifungua kitabu kile anaona elimu ya Amani imevaa kanga ya Nairobi.

Lakini ninachotaka kusema ni hiki. Greenway huyo huyo, mwaka 1937, alitoa kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili. Hakuyatunga. Aliyaokota vinywani mwa watu, wakwezi, wachoma mkaa, waganga, kina mama wa kuni. Kila jina mle lina mtu nyuma yake. Mwana wa Reli unaona wapagazi wakibeba mizigo, mimi naona walibeba na majina. Kwenye kazi za namna hii jina la kisayansi lipo, la mchoraji lipo kwenye kona, la mzungu aliyechuma lipo kwenye lebo. Aliyesema "bwana, usipite huku, ule mti uko kule" hayupo popote.

Mimi sitaki michoro ishushwe. Nataka huyo mtu wa kule aongezwe.

Mwana wa Reli

Mgosi, ungeanza wewe mimi nisingeandika.

Mama Kilifi

Hamjambo wanangu. Nimefuata uzi huu toka jana usiku, mjukuu ndiye anayenishikia simu.

Huyo mtoto anayeuliza "anahesabu nini", baba yake asimtafutie jibu mtandaoni. Amtafutie ua. Kwenu Nairobi kuna mwegea? Ule mti wenye matunda kama soseji yananing'inia kwa kamba. Maua yake hufunguka usiku, mekundu meusi kama damu ya figo, yana harufu mbaya na popo ndio wageni wake. Alfajiri yanaanguka. Nenda saa kumi na mbili utayakuta chini mazima. Mpe mtoto penseli. Atahesabu mwenyewe.

Mgosi wa Usambara

Shikamoo bibi. Sisi tunauita mvungunya.

Muhuti

Huo si muratina? Tunda lake ndilo linalotiwa kwenye pombe ya asali ya wazee, na pombe yenyewe inaitwa hivyo hivyo. Mzee wangu alikuwa na matunda yaliyokatwa kati na kuanikwa, meusi, hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuyagusa.

Nimekaa Pale

Kwetu ziwani yago.

Mama Kilifi

Marahaba. Ni mwegea.

Jani Kavu

😂 Bibi kafunga kesi. Kitaalamu Kigelia africana, ndugu wa jakaranda. Na bibi kachagua mti hasa. Tunda la mwegea ni adui wa hebaria, linaweza kupita nusu mita na uzito wa kilo kadhaa, utalibanaje kwenye gazeti? Linawekwa kwenye sanduku peke yake na namba. Ua nalo likikauka linakuwa kipande cha ngozi nyeusi, ukitaka kulisoma unalitumbukiza kwenye maji ya moto yenye tone la sabuni mpaka lilainike ndipo ulifungue kwa sindano. Ukilipata bichi, chora upesi. Saa nne litakuwa limebadilika rangi.

Mkuu Kalamu, usianze na rangi. Pima kwanza. Rula, urefu wa ua, andika pembeni. Pili, chora muhtasari kwa penseli ngumu, H au 2H, mkono mwepesi. Tatu lipasue kwa wembe (wewe, si mtoto) kutoka mdomoni mpaka shingoni ulilaze wazi.

Kalamu ya Risasi

Nimerudi. Naandika nikiwa na rangi kwenye kucha.

Mwegea upo, karibu na kituo chetu cha matatu, miaka minne napita chini yake bila kuinua shingo. Jana tulikwenda saa kumi na mbili kasoro, binti kavaa sweta juu ya nguo za kulalia. Mlinzi wa pale alidhani tumepoteza funguo. Maua matano chini, mawili yamekanyagwa, moja siafu wamelihodhi. Tukachukua mawili.

Wakuu, mimi nimechora maelfu ya samaki, kuku na vikombe vya chai ukutani. Nilidhani ua ni dakika ishirini. Kwanza rangi: siyo nyekundu wala zambarau wala kahawia. Nilichanganya nyekundu na buluu ikawa jezi ya timu. Nikaongeza kahawia ikawa ini. Mpaka napata kitu kinachokaribia, ukingo wa ua ulikuwa umeshaanza kukunjamana na kugeuka rangi nyingine, kwa hiyo nikawa nachora ua la saa moja kwa rangi ya saa tatu. Nikamwelewa yule Joy ndani ya hema lake na ua linalosinyaa mbele yake na hakuna jingine mpaka kesho. Halafu kuna mikunjo ya petali. Ukiitazama unaona kitambaa kilichofinyangwa, ukianza kuichora kila mkunjo una sababu, unaanzia kwenye mshipa fulani na kuishia mahali fulani. Ukidanganya mmoja, ua zima linalegea kama mfuko uliomwagwa.

Tukapasua. Binti akahesabu stameni, vile vijiti vya ndani vinavyobeba chavua. Nne. Akaandika 4. Nikapiga na picha kwa simu, kumbukumbu tu. Akaendelea kuchora, ulimi nje, kisha akasema, "Baba, kuna nyingine." Nikamwambia ni nne, umeshahesabu. Akasema kuna ndogo, haikukua. Nikainama na miwani. Ipo. Kijiti kifupi, kimejificha chini kati ya zile ndefu, hakina kichwa. Nikaifungua ile picha kwenye simu nikaikuza mpaka mwisho: giza la damu ya figo, kama alivyosema bibi, na hakuna kijiti.

Jani Kavu

Hapo mkuu umenitoa machozi, na mimi si mtu wa machozi. Ndiyo, ni ya tano. Stameni iliyodumaa, haitoi chavua. Wengi wa ukoo wa mwegea na jakaranda ndivyo walivyo. Kuna wanafunzi wa chuo huikosa kwenye mtihani.

Mwambie huyo mtoto kazi anayo akitaka.

Mwana wa Reli

Mimi niliyekuja kuharibu sherehe nina swali la amani. Hicho chumba kinafunguliwa Jumapili?

Muhuti

Kinafunguliwa. Na ukiwa na gari fika Naivasha, Elsamere, nyumbani kwake kando ya ziwa. Siku hizi ni makumbusho madogo, mbega wako juu ya miti wanakuchungulia. Lakini kule simba ndiye mwenye nyumba. Kwa maua baki Nairobi.

Na lile la punda bado nalifikiria.

Mgosi wa Usambara

Kalamu, mtoto kaandika jina gani chini ya mchoro?

Kalamu ya Risasi

Hapo ndipo tulipogombana. Nilimwambia aandike lile la kisayansi, kama ukutani pale. Akaandika, kwa herufi zilizolala kabisa, kaiga. Kisha akaniomba simu asome uzi. Chini yake akaandika mwegea, mvungunya, muratina, yago. Pembeni ya kila jina kaweka la aliyemwambia, kwa hiyo sasa kuna mchoro wa ua nyumbani kwangu umeandikwa "yago (Nimekaa Pale)". Mama Kilifi kapewa mstari wake peke yake juu.

Nafasi ikaisha, jina lake mwenyewe kaliandika nyuma.

Nimekaa Pale

Mimi?? Niko kwenye mchoro wa kisayansi?? Wekeni picha basi sasa, hii kambi niliyopiga ni ya nini